Kosa la Kiwandani au Jeraha la Mtaani?

Katika vibanda vya chai kando ya barabara ya Kabiria, Nairobi, kazi huanza kabla ya jua. Unga unakandwa, unasukumwa hadi uwe bapa, kisha unakatwa, na wapo wanaokata kwa mdomo wa glasi. Mkataji akiwa na haraka, glasi huangukia ukingo wa tundu la andazi lililotangulia, na andazi linalotoka huwa limepungua upande mmoja kana kwamba mtoto amekwisha kuliuma. Mteja hulila vivyo hivyo na chai yake. Ila kosa hilo hilo likitokea katika kiwanda cha sarafu, kuna mtu mahali fulani atakayelipa zaidi ya thamani iliyoandikwa juu ya sarafu ili aipate.

Kiwandani mambo hayaendi mbali na hapo. Bamba refu la chuma husukumwa hadi lifikie unene unaotakiwa, kisha mashine hulitoboa na kutoa visahani vya mviringo visivyo na picha yoyote. Kila kisahani huinuliwa ukingo, hulainishwa kwa joto, kisha huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, ndani ya pete inayokizuia kisitanuke. Mihuri hukutana kwa kishindo kimoja, na mashine za siku hizi hurudia kishindo hicho mamia ya mara kwa dakika. Basi kosa la kweli lina asili tatu tu: kisahani kilikuwa kibovu, muhuri ulikuwa mbovu, au vyote vilikuwa vizima ila kishindo kikaenda mrama.

Kenya haina kiwanda chake cha sarafu. Benki Kuu, iliyoundwa mwaka wa 1966, huziagiza kutoka ng'ambo, na kabla hazijafika makao yake Barabara ya Haile Selassie huwa zimekwisha kuchujwa na kuhesabiwa. Zinazoponyoka ni chache mno. Hapo ndipo msakaji wa makosa haya, aliye Kabiria, anapohitaji moyo mgumu, kwa sababu sarafu nyingi zenye sura ya ajabu zitakazopita mkononi mwake hazikukosewa kiwandani. Ziliumizwa mtaani. Watoto huzilaza juu ya reli ya zamani inayopita Kibera kuelekea Dagoretti na Kikuyu, wakasubiri treni izifanye chapati. Fundi wa kuchomelea huitoboa moja akaitia chini ya nati. Nyingine huangukia jiko la makaa zikabadilika rangi, nyingine hulala miaka ndani ya mtaro, nyingine hugongwa nyundo na mtu asiye na kazi.

Jambo la kwanza la kujifunza, na pengine lenye faida kuliko yote, ni hili: ufa wa muhuri huacha mstari ulioinuka juu ya sarafu, kwa kuwa chuma cha kisahani husukumwa kikaingia ndani ya ufa. Mkwaruzo wa mtaani huacha mstari uliozama. Pitisha ukucha taratibu. Muhuri ukizidi kuchakaa, kipande cha ukingo wake humeguka kabisa, na kila sarafu inayopigwa baada ya hapo hupata kinundu laini kisicho na herufi wala picha, kimeshikana na ukingo. Kinundu cha namna hiyo ni kitu cha kuweka kando. Kinundu kilichosukumwa kutoka upande wa pili na ncha ya msumari, kikaacha shimo nyuma yake, si kitu.

Vifaa havina gharama kubwa. Inatosha lenzi ya kukuza mara 10, kama ile anayobana jichoni fundi wa saa, sumaku ndogo, taa inayoangaza kutoka pembeni, na mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Usihangaike kukariri uzito rasmi wa kila sarafu. Chukua kumi za kawaida za aina na mwaka ule ule, pima moja moja, uone kiwango kinapocheza, kisha pima ile unayoishuku. Sarafu kumi dada ni mashahidi bora kuliko jedwali lililonakiliwa vibaya.

Sumaku nayo ina kazi yake. Shilingi za zamani za Mzee Kenyatta zilikuwa za mchanganyiko wa shaba na nikeli, na sumaku haizigusi. Shilingi ya mwaka wa 2005 ina moyo wa chuma cha pua kisicho ghali, imepakwa nikeli tu, nayo huruka juu ya sumaku. Ikiwa shilingi ya 2005 inakataa sumaku, au ya 1978 inaikubali, kaa nayo chini uitazame vizuri: ama imepigwa juu ya kisahani kisicho chake, ama ni ya bandia.

Turudi kwenye andazi. Sarafu iliyomegwa kwa mviringo hutokea pale bamba lisiposogea vya kutosha, na kisu kikakata juu ya tundu lililokwisha kukatwa. Ni kosa linalopendwa, na ndilo rahisi kughushi, maana tupa ya kawaida hufanya kazi hiyo kwa dakika tano. Tazama upande ulio mkabala na pengo. Kisahani kikiwa kimekwisha kumegwa, mashine inayoinua ukingo hukosa mahali pa kusukumia, na ukingo wa upande wa pili hutoka dhaifu au hupotea kabisa. Wakusanyaji huita alama hiyo athari ya Blakesley. Tena herufi zilizo jirani na pengo hunyooka na kufifia, kwa kuwa chuma kilipata nafasi ya kukimbilia. Aliyetumia tupa hukata herufi katikati kama kisu kinavyokata sukumawiki, na ukingo wa mkabala hubaki mzima, mnene, ukimsuta.

Sarafu za metali mbili ndizo zenye visa vingi. Kenya ilianza na ya shilingi 10 mwaka wa 1994, ikafuata ya 5 mwaka wa 1995 na ya 20 mwaka wa 1998. Kobole, yaani ile ya 5, ina kiini cha rangi ya dhahabu ndani ya pete nyeupe. Ashu, ile ya 10, imepangwa kinyume. Makondakta wa matatu wameshaona ashu iliyokosa kiini, na kila anayeipata hudhani ametajirika. Lakini kiini kinaweza kutolewa kwa nyundo na bomba. Cha kutazama ni ukingo wa ndani wa pete. Kama kiini hakikuwamo wakati wa kishindo, chuma cha pete husukumwa kuelekea ndani, tundu hupoteza umbo lake, na mistari ya picha humwagika kwenye mdomo wa tundu. Kama kilitolewa baadaye, tundu ni duara safi, na picha hukatika pale pale kiini kilipoanzia. Bora zaidi ni sarafu ambayo kiini kimekaa kombo na picha imepigwa juu ya vyote viwili bila kukatika. Hiyo haitengenezwi kwa nyundo.

Kuna kosa jingine ambalo watu wengi huwa nalo mfukoni bila kujua, kwa sababu halionekani upande mmoja peke yake. Shika sarafu kwa kidole gumba na cha shahada, kimoja juu, kimoja chini, picha ikiwa wima. Izungushe kama mlango. Upande wa pili utatokea ama wima ama kichwa chini, kutegemea desturi ya sarafu hiyo. Fanya hivyo na kumi za aina moja uijue desturi, kisha zungusha nyingine zote ulizo nazo. Inayotoka imelala ubavu ilipigwa na muhuri uliolegea ukageuka. Mzunguko mdogo hauna mnunuzi. Wa robo duara au zaidi unazungumzika.

Herufi zinazoonekana mara mbili zimewapoteza wengi. Muhuri wenyewe ukichongwa mara mbili bila kulingana, kila sarafu itakayotoka itakuwa na herufi mbili kamili, za mviringo, zenye mpasuko kwenye ncha. Hizo zina thamani. Lakini muhuri uliotetemeka wakati wa kishindo husukuma herufi kando na kuacha kivuli bapa kama ngazi, na herufi yenyewe hukonda badala ya kunenepa. Kutetemeka huko ni jambo la kila siku viwandani. Hakulipiwi.

Sarafu zenye maandishi ya kinyume, yaliyozama ndani, zinahitaji tahadhari zaidi. Kiwandani hutokea hivi: sarafu iliyokwisha kupigwa hunasa kwenye muhuri, kisahani kinachofuata kikapigwa nayo badala ya muhuri, kikapata picha iliyogeuka kama kwenye kioo. Gerejini nako hutokea: mtu hubana sarafu mbili pamoja kwenye jiliwa akakaza. Tofauti iko wazi ukijua pa kutazama. Ya kiwandani haina picha nyingine chini ya ile iliyogeuka. Ya gereji bado ina mabaki ya picha yake ya kwanza, yamepondwa, na herufi za kinyume zimepita juu yake.

Kabla ya kushangilia, msomaji aondoe kwanza zile zisizo makosa hata kidogo. Sarafu za Kenyatta za 1966 hadi 1968 hazina jina lake kuzunguka picha. Maandishi yaliongezwa kuanzia 1969. Mtu akikuta moja isiyo na jina hudhani kiwanda kilisahau, kumbe ni toleo la kwanza. Shilingi za Moi zipo nyeupe na zipo za manjano, kwa kuwa katikati ya miaka ya 1990 metali ilibadilishwa. Shilingi 5 ya 1985 ina pande saba kwa makusudi. Senti 25 na shilingi 2 zilikuwapo enzi za Kenyatta zikakoma, na kijana aliyezaliwa baadaye akiziona huhisi ameshika kitu kisichopaswa kuwepo. Hata shilingi 40 ya 2003 yenye picha ya Mwai Kibaki ilitolewa rasmi, kwa ajili ya miaka 40 ya uhuru. Na sarafu za wanyama zilizozinduliwa tarehe 11 Desemba 2018, twiga, kifaru, simba na ndovu, hazikumsahau rais. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, inakataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu.

Wazee wa Dagoretti wana kumbukumbu nyingine: ndururu, senti tano yenye tundu, waliyoitia uzi wakaivaa shingoni walipotumwa dukani. Zipo zilizoandikwa jina la Edward wa Nane na mwaka wa 1936. Mfalme huyo alikaa kwenye kiti kuanzia Januari hadi Desemba mwaka huo tu, na Uingereza yenyewe haikuwahi kuzungusha sarafu zenye jina lake. Afrika Mashariki ilizungusha, kwa sababu sarafu yenye tundu haikuhitaji sura ya mfalme, jina lilitosha. Kisa ni kitamu, lakini sarafu hizo zilipigwa kwa wingi na bei yake ni ya kawaida. Kwenye ndururu, tafuta badala yake tundu lililokaa kando, au sarafu isiyo na tundu kabisa. Tundu hutobolewa kwenye kisahani kabla ya kishindo. Likirukwa, katikati hubaki chuma kitupu. Chunguza kwa lenzi kama kuna mzingo wa risasi au solda, maana kuziba tundu ni kazi ndogo kwa fundi.

Hakuna mahali Afrika Mashariki ambapo kosa la sarafu limesomwa kwa makini kama Tabora, Tanzania. Mwaka wa 1916, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza, meli za Waingereza zilikuwa zimefunga pwani na Wajerumani waliotawala huko hawakuweza kuletewa fedha kutoka kwao. Wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda. Heller 5 na heller 20 zilipigwa kwa shaba na shaba ya njano, sehemu yake ikitoka kwenye maganda ya risasi, na dhahabu ya mgodi wa Sekenke ikatoa sarafu za rupia 15 zenye tembo mbele ya mlima, zipatazo 16,000. Kila moja ina herufi T chini yake. Mihuri ilichongwa kwa mikono, ikapasuka, ikachongwa tena, taji likatoka kubwa huku na dogo kule, mikia ya herufi ikajipinda kwenye baadhi na kunyooka kwenye nyingine. Mnamo Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yakaingia mjini na kazi ikaisha.

Leo wakusanyaji wamezipanga heller 20 za Tabora kwa madaraja, kulingana na ukubwa wa taji na umbo la herufi. Hapo pana funzo la bei. Sarafu iliyopasuka ya Tabora si ajabu, kwa sababu karibu zote zina dosari. Kinacholipiwa ni muungano wa mihuri uliotumika kwa muda mfupi. Kinyume chake, dosari hiyo hiyo kwenye sarafu iliyotoka kiwanda kikubwa chenye ukaguzi mkali ingegombaniwa.

Uadimu, basi, huhesabiwa ndani ya familia ya sarafu yenyewe. Mwaka wa 2019 Australia iligundua kuwa noti yake ya dola 50 ilikuwa na neno lililokosewa tahajia, lakini zilikuwa zimechapishwa noti milioni 46. Zilibaki kuwa dola 50. Chile nayo ilipiga sarafu za peso 50 mwaka wa 2008 zikaandikwa CHIIE badala ya CHILE. Meneja wa kiwanda alipoteza kazi, wananchi wakazificha, na bei ikapanda kidogo tu kwa kuwa hazikuwa haba. Marekani mwaka wa 1943 ilipiga senti za chuma ili shaba iende vitani, visahani vichache vya shaba vikawa vimebaki kwenye mashine, na moja ya senti hizo, iliyopigwa Denver, iliuzwa mwaka wa 2010 kwa dola milioni 1.7. Wajanja hupaka senti za chuma rangi ya shaba. Sumaku huwaumbua.

Kisha kuna nyumbu. Si yule wa Mara, bali mtoto wa punda na farasi: sarafu iliyozaliwa na mihuri miwili isiyooana. Mwaka wa 2008 kiwanda cha kifalme cha Uingereza kilibadilisha sura ya peni 20, mwaka ukahamishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Muhuri wa zamani ukaoanishwa na mpya, na pande zote mbili zikakosa mwaka. Kiwanda kilikadiria kuwa zilitoka makumi ya maelfu au zaidi, na zimekuwa zikiuzwa kwa makumi ya pauni. Kwa hiyo sarafu za kukaguliwa kwa bidii ni zile za mwaka nchi inapobadilisha sura: 1980 alipoingia Moi, 2005 aliporudi Kenyatta, 2018 walipokuja wanyama.

Sarafu za kukagua zinapatikana wapi? Simu imepunguza fedha za mkononi tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, lakini sarafu hazijatoweka. Konda wa matatu ya kwenda Satellite anazo, mama mboga anazo, mweka hazina wa kanisa anazo kila Jumapili. Wengi watafurahi ukiwapa noti uchukue chenji yote. Pitia, toa uliyoitilia shaka, zilizobaki zirudishe sokoni. Usizikalie, nchi inazihitaji.

Bei ya nyumbani haina orodha rasmi. Hupangwa na watu wawili wanaotazamana.

"Mzee, hii unanipa ngapi?"

"Wewe kwanza niambie umeona nini hapo."

Asiyeweza kujibu swali hilo hupewa bei ya kobole. Anayejibu kwa uzito, picha za pande zote mbili na za ukingo, na sarafu ya kawaida ya kulinganishia, husikilizwa. Kwenye minada ya intaneti usitazame bei anayoomba muuzaji, maana kuomba ni bure. Chuja uone zilizokwisha kuuzwa. Kampuni za Marekani kama PCGS na NGC huthibitisha makosa na kufunga sarafu ndani ya kasha, lakini ada na usafirishaji huweza kuzidi thamani ya sarafu yenyewe. Jumbe zinazozunguka kwenye simu, za mtu anayedai kununua sarafu zenu za zamani kwa mamilioni mradi mlipe kwanza ada ya usajili, ni wizi. Mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi.

Sheria nayo iko karibu. Kanuni ya Adhabu ina sehemu nzima kuhusu makosa ya sarafu na noti, kwa hiyo usitengeneze kosa, usizungushe ya bandia hata kwa utani. Na aliye na pesa ya Mombasa ya 1888, ile ya kampuni ya Waingereza yenye mizani, akumbuke kuwa Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nje kunahitaji kibali.

Sarafu uliyoipata usiisugue. Majivu, limau, dawa ya kung'arishia shaba na steelwool vimeua thamani ya sarafu nyingi kuliko moto. Maji ya uvuguvugu na tone la sabuni yanatosha kuondoa tope, kisha kitambaa laini, bila kufikicha. Usiiweke ndani ya plastiki laini inayonuka, kwa kuwa baada ya muda hutoa ute wa kijani unaokula shaba. Bahasha ndogo ya karatasi kavu inafaa. Andika juu yake kwa penseli kabla ya kuitia sarafu ndani, ili ncha isiikwaruze: aina, mwaka, uzito, kosa lenyewe, tarehe uliyoipata na ilikotoka, hata kama ni chenji ya mandazi mawili, Kabiria, Jumanne asubuhi.